Mwito wa Zorko Kutoka Mizabibuni

Mabenchi ndiyo yaliyoanzisha yote. Asubuhi tulikuwa tumetundika tawi pale njia panda, tawi la ule mmea utambaao kwenye kuta zetu za mawe, na huku kwetu Kras, nyanda za mawe juu ya bahari, mtu akiliona tawi barabarani hahitaji kuelezwa kwamba kuna nyumba imefungua milango. Inauza divai yake na nyama yake kwa siku chache, kisha inafunga. Ilikuwa Jumapili, jua zuri baada ya wiki nzima ya mvua, na kabla ya adhuhuri ua wa mdogo wangu Milojka ulikuwa umejaa hadi ukutani. Watu wa mjini walipanda kutoka Trieste na watoto wao na mbwa wao. Wa kijijini walikuwa wamekwishashika meza yao kando ya kisima.

Meza hiyo ina mkubwa wake, mzee Pepi, mwashi mstaafu, mtu ambaye sijawahi kumwona akipitwa na bakuli la mayai ya kuchemsha. Kazi yake siku zote ni kumchokoza mwenye nyumba.

"Wewe Zorko," alimwambia shemeji yangu, mume wa Milojka, "watu wamekaa juu ya mawe. Unataka tule kama mbuzi?"

"Mbuzi hanywi jagi zima akadai halikujaa," Zorko alimjibu.

"Mbuzi ana mwenye kumjali. Leta mabenchi, bwana."

Watu wakacheka. Zorko naye akacheka, akajifuta mikono kwenye aproni. Mabenchi ya ziada tulikuwa tukiyaweka kwenye kibanda cha mawe kule chini, katikati ya matuta ya mizabibu yanayoteremka kuelekea baharini. Akawasha kitrekta chake chembamba cha kubebea zabibu. "Narudi sasa hivi," alimwambia mkewe. "Usiwaachie paja lote hawa, nami nina njaa."

Mimi nilikuwa jikoni, nakata nyama. Kukata paja la nguruwe lililokaushwa si kazi ya kumpa mtu yeyote. Ukilikata nene unamtafunisha mgeni kamba, ukilikata kwa pupa unajikata kidole. Tangu nifiwe na mume wangu, Milojka akitundika tawi mimi ndiye mkono wa kisu. Jiko lile lina kuta nene za mawe na dirisha dogo kama la gereza. Ukiwa ndani husikii la nje zaidi ya mlango kufunguliwa na kufungwa.

Milojka akaingia na sahani tupu. "Dada, Zorko amekwisharudi?"

"Huku hajapita."

Akatoka. Akarudi tena, safari hii bila sahani. Akapiga simu, na simu ya Zorko ikalia hapo hapo, juu ya kabati la mikate, kando ya miwani yake. Tulitazamana. Njia ya kibandani si ndefu. Hata ungepakia mabenchi ukiwa umefumba macho, ungekuwa umekwisharudi na kuanza kulalamika kuhusu mgongo.

"Mtume mtu," nilimwambia. "Hao wanaokula bure kwa mdomo wao, watume."

Yaliyotokea uani baada ya hapo sikuyaona, maana niliteremka pishini kujaza majagi. Nimesimuliwa na Milojka, na nimesimuliwa na wengine, kila mmoja akijisogeza mbali kidogo na lawama. Lakini kiini hakibadiliki.

Milojka alikwenda kwenye meza ya kisima. Boris, mpiga kodiani wetu, ndiye kijana pekee pale, kama mtu wa miaka hamsini ni kijana. "Boris, hebu teremka ukamtazame Zorko. Amekawia, na njia imelowa."

"Nimalize wimbo huu, shemeji," Boris alisema. "Nikiuacha katikati utanipa mkosi."

Wakaimba. Wetu wakiimba huwa wanaimba kwa sauti nne, macho wamefumba, na mtu wa mjini huona haya hata kutafuna. Wimbo ulipofika mwisho, kabla Boris hajavua mikanda ya kodiani, mwito ukaja kutoka chini.

Sasa, mwito huu ni wa kwetu na ni wa zamani. Mtu akiwa anafanya kazi kwenye matuta, akasikia juu wanaimba, hawezi kunyamaza. Anajaza kifua, anatoa sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake, inayoruka juu mwishoni. Ni furaha tu, ni kusema nipo na nimewasikia. Na walio juu lazima waitikie. Kutoitikia ni kumtukana. Zorko ndiye aliyekuwa bingwa wa mwito kijiji kizima. Siku ya harusi yake aliuachia kutoka mizabibuni, na nyanya yetu, aliyekuwa hasikii hata kengele ya kanisa, akauliza nani huyo.

Basi meza nzima ikasimama, glasi juu, wakamwitikia. Wa mjini walifurahi, wengine wakajaribu nao.

"Huyo hapo mumeo," Pepi alisema. "Amejifungia kibandani na chupa, anakwepa kazi."

Milojka hakucheka. "Mbona haukupanda mwishoni?"

"Nini?"

"Mwito wake hupanda mwishoni. Huu umekatika."

"Amezeeka, mama. Pumzi imekwisha. Yangu mimi haipandi hata ngazi."

Wakaangua kicheko. Milojka akavua aproni, akaanza kuelekea kwenye njia ya mizabibuni. Hapo ndipo mzee Pepi aliposema lile ambalo sitamsamehe nikiwa hai. Alilisema kwa mzaha, mdomo umejaa yai. "Mwacheni mwanaume apumue jamani. Siku moja tu ametoroka jiko, mke anamfuata na kamba kama mbwa. Atauficha wapi uso wake akiletwa hapa mbele ya wageni?"

Mwito ukaja tena. Wakaitikia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, na Boris akaingiza kodiani juu yake. Na Milojka, ambaye angeweza kupita katikati ya moto kwa ajili ya mume wake, aliona haya. Watu wote wale walikuwa wanamtazama, wanatabasamu. Alijifunga aproni yake, akarudi.

Nilipopanda kutoka pishini na majagi, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, ameshika kitasa.

"Ameita," aliniambia.

"Si afadhali? Basi yupo."

"Yupo," alisema, bila raha yoyote.

Tukaendelea na kazi. Siku ile watu walikula kama wametumwa. Jibini, mayai, soseji, kachumbari ya ule mzizi mkali unaotoa machozi. Wanasema mwito ulikuja mara nyingine, ukaitikiwa, kisha haukuja tena. Pepi akasema, "Sasa amelala," na hilo nalo likachekesha. Kila Milojka alipopita uani alikuwa anasimama kidogo pale ukutani, sahani mkononi, anasikiliza. Lakini uani kulikuwa na wimbo baada ya wimbo, na watoto, na mbwa.

Jua lilipoanza kushuka kuelekea baharini, wa mjini wakaanza kutafuta makoti yao. Milojka aliingia jikoni, akaweka aproni juu ya meza mbele yangu. "Mimi nateremka. Anayetaka kucheka acheke."

Nikaacha kisu, nikamfuata.

Hatukufika kibandani. Pale njia inapopinda, ukuta wa tuta ulikuwa umemomonyoka, mawe na udongo mwekundu vimemwagika juu ya mizabibu. Kitrekta kilikuwa kimelala ubavu chini yake. Mabenchi yalikuwa yametapakaa, moja limesimama wima miguu minne kana kwamba linangoja mtu akae. Zorko alikuwa chini ya kitrekta kuanzia kiunoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na macho yake yalikuwa wazi, yanatutazama.

Milojka alipiga magoti kwenye matope, akamshika kichwa. Mimi nilisukuma chuma kile kwa mabega. Nilisukuma hadi nikaona nyota. Hakikutikisika.

"Mmechelewa," Zorko alisema. Hakulaumu, aliongea taratibu, kama anayeuliza chakula kimefika wapi.

"Tupo. Tupo hapa, tumekuja."

"Nilisikia mkiitikia." Alimeza mate, akatafuta pumzi. "Nikasema wamenisikia, wanakuja. Nikanyamaza nisichoke."

Sijui kama kuna maneno mengine duniani ambayo mwanamke angeweza kuambiwa na mumewe yakamfanya alivyofanywa Milojka na hayo. Aliinua uso kuelekea juu, kule uani, ambako kodiani ilikuwa inasikika wazi, kila noti, kana kwamba Boris alikuwa amekaa tuta la pili. Akapiga yowe la kuomba msaada. Halikuwa na neno ndani yake. Lilitoka tumboni, refu, likapasuka mwishoni.

Na juu wakamwitikia. Nilizisikia sauti za wale wote ninaowajua tangu utoto, zikipanda pamoja kwa furaha, na ya Pepi ikiwa ya mwisho kunyamaza.

Niliupanda mlima ule mbio. Mimi ni mwanamke mzito, na magoti yangu si ya kupandia ngazi za mizabibuni, lakini hasira ilinibeba. Nilifika uani, nikamwendea Boris nikaing'oa kodiani kifuani mwake kwa mikono miwili. Ilitoa mlio mbaya ilipogonga kisima. Pepi alikuwa bado ameinua glasi.

"Yuko chini ya trekta," niliwaambia. "Alikuwa anawaomba msaada, nyie mnamwimbia."

Nimeona watu wengi wakipata habari mbaya, lakini sijaona meza nzima ikipauka kwa mara moja namna ile. Waliteremka, wote, hata wasioweza. Walikinyanyua kitrekta kwa mikono na kwa yale yale mabenchi. Zimamoto walipofika na kamba zao walimkuta Zorko amelazwa kwenye nyasi, kichwa mapajani mwa mkewe, amekwishakata roho. Daktari aliyekuja nao hakutaka kusema. Milojka akamlazimisha, akamuuliza kama angepona lau angepatikana adhuhuri. Daktari alitazama bahari, akasema labda. Laiti angedanganya.

Tawi la pale njia panda lilibaki juu hadi likakauka, maana aliyelitundika ni Zorko na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulishusha.

Baada ya mazishi, mzee Pepi alianza kuja asubuhi na nyundo yake ya uashi. Hakuitwa. Aliteremka pale njia inapopinda akaujenga upya ule ukuta, jiwe kwa jiwe, bila saruji, kama walivyojenga wazee wake. Ilimchukua majira yote ya joto. Milojka hakumfukuza, wala hakumpelekea hata glasi ya maji. Nilimpita siku moja akiwa amekaa juu ya mawe, nyundo mapajani.

"Danica," aliniita, "mimi nilidhani anafurahi."

"Najua ulichodhani," nilimjibu, nikaendelea na njia yangu. Huruma nilikuwa nayo kidogo, lakini sikuwa tayari kumpa.

Mwaka uliofuata Milojka alilitundika tawi kwa mkono wake. Nilimwambia aache. Akasema mizabibu haikufa, na pishi limejaa, na yeye hana kazi nyingine anayoijua. Nilifikiri hatapata mgeni wa kijijini hata mmoja. Walikuja wote. Walikaa meza ya kisima, wakaagiza kwa sauti za chini, wakala kama watu walio kanisani. Boris alikuja mikono mitupu. Pepi alikuwa na bakuli la mayai mbele yake, anayatazama tu.

Wa mjini, ambao hawakujua lolote, walikuwa na raha zao. Kijana mmoja alichukua glasi yake akateremka matutani na mchumba wake kuitazama bahari. Sijui alimwambia nini, au alijibiwa nini. Lakini ghafla tulisikia kutoka chini sauti moja ndefu, isiyo na neno ndani yake.

Hakuna aliyeitikia. Mabenchi yalianguka, jagi likavunjika, ua ukabaki mtupu. Nikiwa mlangoni pa jiko, sahani mkononi, nilimwona mzee Pepi, mwenye goti bovu, akiwa mbele ya wote kwenye ngazi za mizabibuni, anaanguka, anainuka.

Walimkuta kijana amesimama juu ya ukuta mpya, anacheka, msichana amemkumbatia. Wakarudi mmoja mmoja, wanahema, hawatazamani. Pepi alikuwa amechanika suruali na goti linatoka damu.

Milojka hakuwa ameondoka mezani pake jikoni. Siku hiyo kisu alikishika yeye. Alikuwa anakata paja, vipande vyembamba, anavipanga kwenye ubao. Aliinua macho akawatazama wote pale mlangoni, wakiwa wamejipanga na jasho lao.

"Mwaka huu mna masikio," alisema.

Kisha akauliza ni nani aliyeagiza mayai.