Mikono Miwili ya Kijani

Fundi rangi alifika saa tatu asubuhi na kopo la rangi ya kijani iliyokoza, kama ya chupa, akaiacha ngazi yake nje kwa sababu ndani haikuwa na pa kusimama. Humo waliishi mshonaji na mama yake. Mwenye nyumba alikuwa ameigawa sebule moja kwa plaiwudi ikazaa vyumba vinne, na hiki kilitosha cherehani, meza ya kukatia na mtu mmoja, basi. Mama alilala juu ya meza, na kila asubuhi ilibidi ashushwe ndipo kazi ianze. Kitanda chake kilikuwa kimesimama wima ukutani, mwaka wa pili sasa.

Jumamosi kaka wa mshonaji angekuja kumchukua mama. Alikuwa na nafasi, na mkewe alikuwa mtu wa watu, lakini mama hakutaka kwenda, na mshonaji alikuwa akilia bafuni asisikike. Kabla ya kuondoka, mama aliomba jambo moja tu: ukuta wa kijani.

"Bibi, rangi nzito inabana chumba," fundi alimwonya.

"Hiki? Kibanwe kiende wapi?"

Fundi akapiga mkono wa kwanza wa rangi. Ulipoanza kukauka, ukuta ulirudi nyuma hatua mbili. Akasogeza kigoda chake akaufuata, akinung'unika kwamba sasa na kuta za pembeni zimerefuka na hakuna aliyemwambia.

Mkono wa pili aliupiga mchana. Ukuta ukarudi hatua tatu zaidi. Wakakilaza kitanda, mama akapanda, akanyoosha miguu yote miwili.

"Nilishasahau kama mimi ni mrefu," alisema.

Nyuma ya ukuta huo aliishi mwalimu wa chekechea. Mshonaji alikwenda kumwomba radhi, maana chumba cha jirani hakimegwi kimyakimya. Lakini chumba cha mwalimu hakikuwa kimepungua hata kidole. Kilikuwa finyu vilevile, na mlango wa kabati uligota kitandani kama siku zote, kwa hiyo nguo alizitoa kwa mkono mmoja.

Mwenye nyumba alisikia, akaja na futi ya chuma. Akapima mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Kwenye ramani hiki ni chumba cha hatua tatu," alisema. "Cha mtu mmoja."

Akaaga vizuri, akashuka kuendelea kuigawa stoo iliyo chini ya ngazi.

Jumamosi kaka alifika, akakaa ukingoni mwa kitanda, akautazama ukuta kule ulikokwenda.

"Mama, begi lako liko wapi?"

"Nimelitia chini ya kitanda. Kumbe kitanda kina chini."

Kaka alicheka mpaka akafuta macho. Aliondoka peke yake, na mshonaji akamsindikiza akiimba.

Jioni mwalimu alibisha hodi, ameshika brashi ya kuazima. "Imebaki?"

Ilikuwa imebaki ya mkono mmoja. Mshonaji alisita, alikuwa ameshaanza kupanga kona ya wateja kujaribia nguo.

"Mpe, mwanangu," mama alisema kutoka kitandani. "Sisi tumeshanyooka."

Chini ya ngazi msumeno ulikuwa ukiendelea kukata mbao. Mwalimu alipokea kopo, akasikiliza, akachungulia ndani yake.

"Sitaimaliza yote," alisema. "Mpangaji wa stoo naye atahamia."