Mguu wa Kushoto wa Glenys Tresidder

Jumanne asubuhi Glenys Tresidder alikuwa jikoni kwake Horsham akipaka siagi mikate ya klabu ya mchezo wa tufe, maana siku ya mechi kila mchezaji huja na sahani yake ya chakula, simu ikalia. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaegemeza gongo moja kwenye friji, akapokea. Alikuwa Craig Vella, afisa wa Mfuko wa Watu wenye Ulemavu, anapiga kutoka ofisini kwake Melbourne.

"Mama, samahani kukusumbua. Una kitu kwenye kiatu cha kushoto, karibu na kidole kidogo."

Glenys akavuta kiti, akafungua mikanda ya chuma kilichoshika mguu wake, akavua kiatu na kukikung'uta. Kikaanguka kizibo cha chupa ya bia.

"Kizibo," akasema.

"Mimi nilidhani kokoto. Ahsante, mama."

"Ahsante wewe, mwanangu."

Kwenye soksi kulikuwa na damu kidogo. Akaigeuza soksi, akaivaa, akarudi kwenye mikate yake kwa sababu mechi ilikuwa inaanza saa nne.

Glenys alizaliwa na mgongo wazi. Hajawahi kusikia chochote chini ya magoti. Ungeweza kumpigilia msumari kwenye unyayo naye akaendelea kukusimulia habari za mvua. Mtu wa namna hiyo, miguu yake inataka macho ya mtu mwingine. Kazi hiyo aliifanya Thuy Pham, daktari wa miguu, ambaye kwa miaka mingi alikuja na gari lake, akapiga magoti pale pale jikoni, akamkata kucha, akamparua sugu na kuchungulia katikati ya vidole. Mfuko ndio uliolipa. Akishamaliza Thuy, Glenys alikwenda klabu, akasimama kwenye nyasi na gongo lake moja, akaviringisha tufe lake akiwa na wifi yake, Merle. Wawili hao walikuwa hawafungiki wilaya nzima. Hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya hicho, kusimama na kuviringisha tufe.

Kisha akapata ugonjwa wa sukari, kama nusu ya watu wa umri wake hapa kwetu, na wakubwa wa Mfuko wakapata cha kuuliza. Miguu hii inahudumiwa kwa sababu ya ulemavu, au kwa sababu ya ugonjwa? Ulemavu hulipiwa na Mfuko, ugonjwa ni wa hospitali. Hospitali ikasema mguu uliokufa ganzi tangu tumboni mwa mama ni ulemavu mtupu, rudi kwa Mfuko. Mfuko ukasema kidonda ni sukari, rudi hospitali. Wakampiga danadana mwaka mzima, watu wazima wenye shahada zao, kana kwamba kucha huota kwa idara.

Mwishowe faili likaangukia mezani kwa Vella, naye akampigia simu Glenys ili aamue. Alikuwa na adabu. Alimuuliza habari za ngano ya jirani, za mvua, na ndipo akamuuliza vipi miguu yake.

"Siyo mbaya," akasema Glenys.

Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu hivyo hata kama upepo umeondoka na paa. Tumelelewa hivyo. Anayelalamika kwetu huonekana hana haya. Na huyu Vella si mtu wa kuja. Amezaliwa Minyip, hapo juu tu barabarani, na baba yake alipoangukiwa na trekta aliwajibu watu wa gari la wagonjwa maneno hayo hayo, mfupa ukiwa nje. Vella alijua vizuri sana Glenys amesema nini. Lakini akaandika kama lilivyotamkwa, kwamba mteja anasema miguu yake siyo mbaya, akakataa ombi la kumlipa Thuy na kutia sahihi. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na mafaili mengi, na hilo ndilo linalonitia hasira kuliko ukatili.

Kabla hajafunika kalamu, kidole kidogo cha mguu wake wa kushoto kikaanza kumwaka.

Alivua kiatu akakuta kidole kizima. Daktari naye hakuona kitu. Lakini maumivu yalikuwa na mwendo wake: gongo, mguu, gongo, mguu, kisha kituo kirefu, na Vella akaelewa kwamba ni Glenys anasimama mahali kungoja zamu yake ya kuviringisha tufe. Maumivu yote ya Glenys yalikuwa yakizurura tangu azaliwe bila mwenyewe. Siku ile ya sahihi yakapata pa kukaa.

Basi Vella akapiga simu kueleza. Glenys akamwambia pole sana, mwanangu, na wakazoeana. Mchana alipiga kusema kiatu kinabana, asubuhi kusema soksi imejikunja. Merle alisema huyo kijana ni bora kuliko mume, maana mume wake hakuwahi kujua hata yeye anavaa kiatu saizi gani. Pale klabu simu ikilia katikati ya mchezo, wanawake walimwita Glenys kwamba mguu wake unapiga.

Lakini kujua kuna sugu si kuiondoa. Sugu iliongezeka unene, chini yake pakawa na kitu kinachotota, na Vella akaanza kukaa vikaoni akiwa amenyoosha mguu juu ya kiti cha pili. Akamwomba Glenys apunguze kusimama siku za Jumanne, ana vikao vizito. Glenys ni mtu wa adabu, akaketi nje mechi mbili tatu. Walifungwa. Merle alimaliza msimu amekunja uso.

"Si umrudishe tu Thuy?" Glenys akamuuliza siku moja. "Wewe ndiye uliyekataa. Kubali, sote wawili tupumue."

"Siwezi, mama. Mguu sasa unaniuma mimi. Nikiamua upya itakuwa nimejipendelea, sheria inakataa."

"Aliyepewa faili langu nani?"

"Bosi wangu."

"Naye anaumwa wapi?"

"Haumwi popote," Vella akasema. "Ndiyo maana kapewa."

Huyo bosi alilisoma faili lote kwa makini, watu wanasema alilisoma mara mbili. Akaona hapa kuna mguu usiosikia kitu na mtu mwingine anayesikia kila kitu. Akaamua kwamba haja ya matibabu iko kwa yule anayeumwa. Ombi la Glenys likakataliwa tena, na Vella akatambuliwa kuwa mfanyakazi aliyeumia kazini, anayestahili huduma zote za miguu bila kuchelewa. Wakamtafutia daktari anayeijua kesi hiyo. Aliyeijua alikuwa mmoja tu, Thuy.

Thuy akaajiriwa Melbourne. Alimpigia Glenys kumwambia kwamba anaona aibu. Glenys akamwambia asijali, hali siyo mbaya.

Kule ofisini Thuy alikuwa akiupakata mguu wa Vella, laini kama wa mtoto mchanga, akakata kucha zisizohitaji kukatwa na kuparua sugu isiyokuwepo. Alimwambia waziwazi kwamba kidonda kipo, ila kiko Horsham. Vella akasema anajua. Kwa kuwa maumivu hayakupungua, daktari wa kazini akaanza kumdunga sindano ya ganzi kwenye kifundo kila Jumatatu, apate kufanya kazi. Ilimsaidia sana. Simu za Horsham zikakoma.

Juni ikaingia, na baridi ya kwetu ikishuka kwenye mashamba yale matupu huna pa kuikimbilia. Glenys aliwasha hita ya gesi, akavua viatu, akainyoosha miguu mbele yake na kuanza kushona kiraka cha mto. Redio ilikuwa inasoma bei za ngano. Saa hiyo hiyo Vella alikuwa kikaoni, mguu umekufa ganzi kuanzia kifundoni, na kikao kilikuwa kinajadili ni wakati gani Mfuko ugharamie huduma za miguu. Walikuwa wamefika kipengele cha tatu. Biskuti zililetwa.

Merle aliingia kwa mlango wa nyuma, akauliza ni mkate gani unaungua. Glenys akasema hajaweka mkate.

Walimpeleka hospitali ya Ballarat. Madaktari wakasubiri siku chache, wakajaribu dawa hii na ile, kisha wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Aliyekuwa wa kumwambia kwamba moto unamla alikuwepo, ana simu mezani na namba anaijua kwa kichwa. Walimziba mdomo kwa sindano ili asikose kikao. Sisi wa Horsham tunalijua hilo, tumelisema posta, tumelisema klabu, na hakuna kilichobadilika kwa kulisema.

Mguu wa bandia uliidhinishwa haraka mno. Mtu asiye na mguu ni mlemavu, hapo hakuna ubishi wa idara, na Mfuko ukatoa kila kitu, fundi, mazoezi, hata ngazi mpya ya mlangoni. Vella naye alipona siku ile ile mguu ulipokatwa. Wenzake walimnunulia keki.

Baada ya keki akampigia Glenys wodini. Kulikuwa na faili jipya, la mguu wa kulia, na sheria inataka mteja aulizwe. Akamuuliza vipi hali yake.

Merle, aliyekuwa amekaa pembeni anamenya chungwa, anasema uso wa Glenys ulikuwa mwekundu kama wa mtu anayejiandaa kutukana kanisani.

"Mbaya," akasema Glenys. "Hali yangu ni mbaya, Craig. Sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe. Nilikuwa na mguu na nilisimama juu yake. Huu uliobaki unataka kutazamwa, nao haujui kulia. Mbaya sana. Andika."

"Nimeandika, mama."

"Nisomee."

Akamsomea. Aliandika kila neno, hata lile la kulia. Glenys akakata simu, akamwomba Merle kipande cha chungwa.

Vella akakaa na faili mpaka wakati wa chai. Aliiona sheria upande huu, akaiona upande ule. Mguu wa kulia haukuwa na kidonda bado, na ukija kuwa nacho kitakuwa cha sukari, na sukari ni ya hospitali. Maneno ya mteja yaliambatanishwa yote kama yalivyo. Akakataa, akatia sahihi, na kisigino chake cha kulia kikaanza kuuma hata kabla wino haujakauka.

Hakushangaa. Alichukua koti, akachechemea hadi kwenye lifti, akashuka chini kabisa, ambako siku hizi Mfuko umemfungulia Thuy chumba chake kwa ajili ya wafanyakazi. Foleni ilifika mlangoni. Maafisa wa mafaili ya magharibi walikuwepo, wa kaskazini walikuwepo, kila mmoja kiatu mkononi, wanazungumza habari za mpira. Mmoja alikuwa na mguu wa mtoto wa Mildura, mwingine wa mzee mmoja wa Swan Hill. Vella akashika nafasi yake nyuma.

Zamu yake ilipofika Thuy hakuinua kichwa.

"Leo wa nani?"

"Wa Horsham. Wa kulia."

Mikono ya Thuy ikasimama kidogo. "Na mwenyewe anasemaje?"

Vella akapandisha mguu kwenye kiti, akakunja suruali.

"Siyo mbaya," akasema.