Sababu ya Tatu

Mwalimu wa historia alikuwa amevifundisha vita vile miaka kumi na miwili, na hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kufeli swali la vita hivyo. Siri yake ilikuwa meza. Akiigonga mara moja, darasa zima lilijibu "Ahadi!" Mara mbili, "Amani!" Mara tatu, "Heshima!" Ndizo sababu tatu za kitabuni: tulipeleka askari ng'ambo kutimiza ahadi kwa nchi rafiki, kulinda amani ya mipaka yetu na kutetea heshima ya taifa. Mipaka yenyewe ilikuwa mbali na vita hivyo kwa saa tano za ndege, lakini kitabu hakina haya. Siku hizo hata watoto wadogo mtaani waliruka kamba kwa maneno hayo matatu, na mwalimu akipita alijifanya hasikii.

Watu wazima waliviita Vita vya Kuazima, kwa kuwa havikuwa vyetu. Hakuna aliyevitaka. Akina mama waliwaficha vijana wao kwa mashangazi, na waliokwenda walikwenda kwa kukosa kazi nyingine. Kaka yake mwalimu alikuwa mmoja wao. Alirudi ndani ya jeneza lililopigwa misumari, na familia ikaambiwa isithubutu kulifungua. Aliacha binti wa miezi saba, mwalimu akamlea. Sasa binti alikuwa kidato cha nne, darasani kwa baba yake mdogo huyohuyo, akiota chuo cha uuguzi.

Jumapili kabla ya mtihani wa majaribio, binti alipekua sanduku la makaratasi akitafuta cheti chake cha kuzaliwa, akaikuta barua. Baba yake aliiandika wiki tatu kabla ya kufa. Alisema wanalinda mgodi, kwamba magunia yanayotoka humo yana jina la kampuni ya mkubwa mmoja wa huku nyumbani, na kwamba wenyeji wakiwaona hutema mate. "Mdogo wangu," ilimalizia, "mtoto akikua akauliza, mwambie tulikuwa walinzi wa getini tu."

Binti aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Akamfuata mwalimu, akamuuliza imefichwa tangu lini. Mwalimu akakiri kwamba tangu ilipofika. Akauliza sasa mtihanini aandike nini, na hapo mwalimu akashindwa kumtazama.

"Nyumbani ni nyumbani, mwanangu, na mtihani ni mtihani," alisema. "Andika kinachotoa alama."

Binti aliikunja barua, akamrudishia. Wiki nzima alimwamkia vizuri, akamwandalia chakula kama kawaida.

Ijumaa, ofisini, mwalimu aliisukuma karatasi ya binti chini ya rundo mara nne. Kama ameandika ya barua, mwongozo wa kusahihisha unataka sifuri, na mkuu wa shule hupitia kila karatasi. Lakini tuseme kweli, kuna sehemu ya moyo wake iliyotamani aone magunia yale yameandikwa humo. Akaifungua. Sababu zilikuwa tatu, kwa mpangilio, kwa mwandiko ulionyooka, hata mipaka haikusahauliwa. Kumi na tano kwa kumi na tano. Mwalimu akashusha pumzi, na papo hapo akajichukia kwa pumzi ile.

Darasani kwake ilikuwa desturi: aliyepata zote husimama mbele na kusoma jibu lake, wengine wanakili. Jumatatu ile angependa kuiruka desturi, ila wanafunzi walimkumbusha, na mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma akikagua somo. Binti akapita mbele. Alisoma bila kukwama hata mara moja. Wakampigia makofi, lakini hakurudi kuketi.

"Mwalimu," alisema kwa adabu zote, "baba yangu alikufa kwa sababu ya ngapi?"

Mmoja akacheka, akajizuia. Mkuu wa shule aliinua kichwa. Jibu mwalimu alikuwa nalo; lilikuwa sandukuni nyumbani, kwa mkono wa kaka yake mwenyewe. Alifungua kinywa alitoe, kwa kweli alitaka kulitoa. Kisha akamwona mkuu akiishika kalamu, akaikumbuka kazi yake, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea miaka kumi na miwili.

"Ya tatu," akasema. "Heshima ya taifa."

Alitamani binti amtupie karatasi usoni. Alitamani angalau alie.

"Asante, mwalimu," binti alisema. Akarudi kwenye dawati lake, akafungua daftari, akaliandika jibu hilo, kisha akalipigia mstari kwa rula, kama alivyofundishwa.