Pumzi ya Winchi

Asubuhi ile Winchi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu, na pumzi yake ilikuwa bado haijarudi kutoka bafuni. Mkewe aliisikia ikijikokota koridoni, akasogeza ndoo isije ikajikwaa.

"Iko njiani," akamwambia mumewe. "Usiongee kwanza, utajichosha bure."

Pumzi ikaingia. Ilikuwa na kimo chake na mabega yake, ila nyeupe pepepe kwa vumbi la saruji, vilevile ilivyotoka kiwandani siku alipoachishwa kazi. Ikaketi kando yake. Ndipo Winchi akasema, "Haya, kiatu cha pili."

Jina la Winchi alipewa na wapakiaji wenzake, maana alikuwa akibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo huku anapiga soga. Kila walipouliza habari za barakoa, meneja alijibu kwamba ziko njiani. Sasa mpakiaji pale ni mwanawe wa mwisho.

Binti yake alikuwa amejifungua, naye anakaa ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mtoto aliteremshwa hadi kwenye ngazi ili babu amwone, kama mzigo unaokaguliwa. Vijana wa jirani wakajitolea kumpandisha mzee na kiti chake.

"Mimi ndiye nilikuwa nabeba," alisema Winchi. "Sibebwi."

Mtaa mzima ulikuwa ukimwambia apumzike. Watu wanadhani kupumzika kunaleta pumzi, kwa kuwa maneno yenyewe yanafanana. Winchi alipumzika mpaka miguu ikawa fito, na pumzi ikazidi kuchelewa. Ni yule dada wa mazoezi pale kliniki, ambaye wagonjwa humwita Kocha, aliyewasema wote wawili, mzee na pumzi yake.

"Mapafu hayatarudi kuwa mapya, baba, sikudanganyi. Lakini hii imedeka. Tembea, simama, ingoje, tembea tena. Ukitoa hewa, chongoa midomo kama unapoza chai."

Basi wakaanza kutembea barabarani, Winchi mbele, pumzi nyuma. Mshona viatu alimsalimu mzee, akasubiri, kisha akaisalimu na pumzi.

"Leo mmeachana wapi?"

"Kwa kinyozi," alijibu Winchi ilipofika. "Inapenda umbea, hii."

Kuna siku alikohoa mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na kesho yake hakutoka. Keshokutwa alitoka. Taratibu pumzi ikaacha kubaki kwa kinyozi. Ikawa inamfikia kwenye nguzo ya umeme, halafu mgongoni, na mkewe akaacha kusogeza ndoo.

Siku ya kupanda ngazi mkewe alivaa gauni lake la kutokea na kumfuata bila kumshika mkono. Winchi alipanda kidogo, akasimama, akapoza chai isiyokuwepo, akapanda tena. Wapangaji walifungua milango, wakawapisha wote watatu. Hakuna aliyemwambia apumzike. Ghorofa ya tatu alisimama mbele ya mlango, na pumzi ilikuwa pale pale, bega kwa bega naye.

"Hodi!" akapaza sauti. Ilisikika mpaka chini.

Binti yake alifungua huku analia, akamkabidhi mtoto. Mkewe aliona fahari hata hakujali kuificha, alimwambia kila aliyepita kwenye ngazi, "Huyo ni mume wangu. Kapanda mwenyewe, kwa miguu yake." Winchi alikaa kwenye kochi, mjukuu mapajani, kifua mbele kama siku za mifuko miwili.

Jioni mwanawe wa mwisho aliingia akitoka zamu. Alimpa baba yake mkono, akatabasamu, akafungua mdomo na kisha akaufumba.

"Barakoa zimefika?" Winchi akamuuliza.

Kijana akaashiria ngoja kidogo. Wakangoja. Hatua nzito zilisikika ghorofa ya kwanza, zikasimama, zikaendelea. Mama yake aliinua ndoo iliyokuwa mlangoni akaiweka pembeni. Pumzi ikaingia, changa, mabega mapana, nyeupe pepepe. Winchi akaisogelea ya kwake ili kuipa ile changa nafasi kwenye kochi. Ikaketi.

"Ziko njiani, baba," kijana akasema.