Droo ya Ruwaida

Mimi Abdulghafur, fundi wa makasha hapa Amu, sipendi kuhojiwa juu ya kazi yangu. Ndiyo maana niliingia ofisi ya forodha nimekunja uso, afisa Jepchirchir aliponiita.

Kasha la binti yangu Ruwaida, aliyeolewa Maskati, lilikuwa limezuiwa bandarini kule. Harusi ilitangulia, kasha likafuata. Sasa mashine yao ilikuwa imeona uwazi chini yake, wakamwandikia Jepchirchir: tueleze linavyofunguliwa, la sivyo tulipasue.

"Bwana Abdulghafur, ni mimi niliyelikagua na kulitia lakiri," alisema. "Hawa wenzangu waliniamini. Kuna nini humo?"

"Hamuna kitu. Ni droo ya siri."

"Nionyeshe inavyofunguka, niwaambie."

"Siwezi. Ndia ya kuifungua huambiwa bibi harusi pekee. Hata mumewe haijui."

Nilijua wanaweza kulitia msumeno, na roho iliniuma. Hata hivyo sikusema. Nikamsubiri anigombeze, maana watu wa bara wana haraka. Badala yake alimpigia kwa spika mwenzake wa forodha ya Maskati, Bakr, aliyezaliwa Unguja na mwenye Kiswahili cha kujidai.

"Unachotakiwa kuona ni ndani, siyo?" Jepchirchir alimuuliza. "Namna ya kufungua si lazima uione."

Bakr akakubali. "Si lazima. Mwiteni mwenye kasha."

Kesho yake Ruwaida alisimama mbele ya kasha katika ghala la forodha kule Maskati, simu sikioni. Huku Amu, Jepchirchir alinipa simu yake akatoka nje.

"Bwana Bakr ameelekea ukutani, baba," Ruwaida alisema.

Nikamnong'oneza. Nikasikia ubao ukiteleza, kisha Ruwaida akaweka spika, ikaja sauti ya Bakr: "Tupu! Mzee, sasa ulificha nini?"

"Sikuficha kitu," nilimjibu. "Hiyo ni yake. Atatia atakacho."

Akacheka sana, akasema kasha lipite. Nilishusha pumzi, nikataka kukata simu.

"Bwana Bakr, hebu geuka tena," Ruwaida alisema.

Ubao ukateleza ukafungwa.

"Umetia nini, mwanangu?"

"Si yako, baba," alinijibu, kwa upole kabisa.

Siku ya harusi nilikuwa nimecheka na wageni mpaka mashavu yakaniuma. Jepchirchir aliporudi kuchukua simu yake, alinikuta nalia.