Utingo wa Kigari cha Kijani

Mume wangu aliendesha lori la mbao miaka thelathini na moja, kwenye barabara ambazo hata mbuzi angeomba njia nyingine. Kiharusi kilipomlaza mkono na mguu wa kushoto, leseni yake aliitia kwenye droo ya vijiko.

Binti yetu, karani wa shule, alituazimia kompyuta ya shuleni kwa wiki mbili za likizo. Ilikuwa kibodi nene tu, yenye waya wa kwenda kwenye televisheni na mwingine wa kwenda kwenye redio ya kaseti. Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti. Redio ililia dakika saba kama paka waliotiwa gunia moja, kisha kikatokea kigari cha kijani, na mbele yake matope, magogo na mto.

Mzee alipoiona ile barabara, alivuta kiti mwenyewe.

Tabu ilikuwa moja. Usukani ulikuwa vitufe viwili vya upande wa kulia, mafuta yalikuwa kitufe cha mwisho kabisa kushoto, na yeye alikuwa na mkono mmoja. Akaurusha huku na huko. Kigari kikapindukia mtoni. Kikapinduka kila siku, palepale. Alitaka kufika mwisho wa barabara ile kabla kompyuta haijarudishwa, hata chai ilimpoea mezani. Binti alipoomba amshikie mafuta, alijibiwa kwamba dereva haendeshwi na mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfunga kamba za viatu.

Nilijua nikisema nimsaidie, atazima televisheni. Kwa hiyo siku ya mwisho, asubuhi, nilisogeza kigoda kushotoni kwake, nikamuuliza tangu lini lori linaondoka bila utingo.

Utingo ndiye anayeshuka kupima matope na kuweka gogo nyuma ya tairi. Dereva mwenye heshima zake hasafiri bila yeye.

“Utingo hagusi mafuta,” akasema.

“Hao wa zamani walikufulia soksi?”

Alicheka upande mmoja wa mdomo, akanisogezea kibodi.

Akasema ongeza, nikabonyeza. Akasema taratibu, mama, taratibu, nikaachia. Mtoni nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa ng'ambo, kwenye uwanda mtupu ambao hatukuwahi kuuona.

“Mahali kama hapa nilikuwa nazima injini,” akasema polepole. “Nakaa tu, nakuwaza.”

Miaka yote ile nilidhani huko alikuwa na vicheko na wenzake, na mimi dirishani nikisikiliza kila lori linalopita. Kampuni haikuruhusu wake kupanda. Nilitamani sana, wala sikumwambia.

Binti alikuwa amefika na boksi la kurudishia kompyuta. Akaliweka chini bila kelele, akakaa juu yake kama mtu asiye na pa kwenda.

Bendera ya mwisho wa barabara ikatokea, na kigari kikasimama. Mume wangu akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, akitafuta pa kugeuzia. Hapakuwa na pa kugeuzia.

“Mimi kila safari nilirudi,” akasema. “Sasa tunarudije nyumbani?”

Kidole changu kilikuwa bado juu ya mafuta.

“Sina haraka, dereva,” nikamwambia. “Mimi ndiyo kwanza nimetoka.”