Mto wa Baba

Mteja anayejitikisa hapimiki. Ndiyo maana Bi Fundi, kabla hajamzungushia mtu tepu kiunoni, humtegea kitendawili kwanza. "Ana jicho moja, mbele haoni, lakini nyuma huacha njia." Mteja hukunja uso, huangalia dari, huwaza, na mtu anayewaza hutulia kama nguzo. Akija kusema "sindano," vipimo vimeshakamilika, na mwenyewe anaondoka akijiona ana akili kuliko alivyoingia. Hiyo ni faida ya juu, Bi Fundi haitozi.

Lakini kulikuwa na kitendawili kimoja kilichomshinda yeye mwenyewe, hata angeambiwa atoe mji angetoa. Ndugu wawili, ziwa wamenyonya moja. Mmoja akiingia kwa dada yao kwa mlango wa mbele, mwingine hutokea mlango wa nyuma. Ni kina nani hao?

Ni wadogo zake. Anayemfuatia yeye ni muuza misumari na saruji, na watu walimwita Aya, maana hawezi kukupimia kilo ya misumari bila kukusomea aya ya Kitabu juu yake. Kitinda mimba ni mwalimu wa sayansi, wakamwita Ushahidi, maana hata ukimwambia leo kuna jua atakuuliza umejuaje. Walikuwa chanda na pete mpaka siku moja ya mvua kubwa, wamekaa wote kwa dada yao, bati likaanza kuvuja, na Aya akasema kwa utani kwamba mvua hiyo ni kama ile ya Nuhu.

"Afadhali hii ni ya kweli," Ushahidi akajibu.

Basi. Chai ikapoa vikombeni, maneno yakachemka. Safina ilikuwepo, safina haikuwepo. Gharika ni habari, gharika ni ngano. Huku nyuma bati linadondosha maji kwenye cherehani na hakuna hata mmoja wao aliyenyanyuka kuweka sufuria. Tangu siku hiyo hawakukaa tena chumba kimoja.

Bi Fundi angewaacha wakomaane, kwani wakigombana ndugu, wewe shika jembe ukalime. Lakini binti yake alikuwa ameposwa. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kukaa kitini na kuwapokea wakwe ni wajomba. Na bibi wa kijana aliyeposa, ajuza mmoja mwenye macho makali kuliko miwani yake, alikuwa ameshavunja posa ya mjukuu mwingine kwa sababu alikuta mashangazi wa msichana hawasalimiani. "Nyumba ya ugomvi haitoi mke," alisema, akabeba mkoba wake akaondoka. Sasa alikuwa anakuja hapa.

"Mama," binti alisema huku akikunja vitambaa, "kama wajomba hawawezi kukaa pamoja, waambie wakwe wasije. Heri nikose mume kimyakimya kuliko nimkose mbele za watu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, lakini kitambaa kile kile alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mama akaona.

Akampelekea kila mdogo wake ujumbe: njoo Jumamosi asubuhi ujaribishwe koti la shughuli, mwenzako ameshajaribishwa lake. Wakaja wote wawili saa ile ile, wakakutana mlangoni. Aya akageuka kuondoka. Ushahidi akageuka kuondoka. Na kwa kuwa mlango ni mwembamba, wakakwama.

"Ingieni," Bi Fundi akasema. "Jora ni moja, chaki ni moja, na mgongo wangu ni mmoja. Siinami mara mbili."

Akawasimamisha bega kwa bega mbele ya kioo. Alikuwa na sababu yake ya kifundi: Aya bega la kushoto limelala kwa kubeba mifuko ya saruji, Ushahidi la kulia limelala kwa mkoba wa vitabu, na alitaka pindo za makoti ziwe usawa mmoja wakikaa. Akawavalisha makoti ambayo bado hayajashonwa, yameshikwa kwa pini tu. Na koti la pini halivuliwi kwa hasira. Ukijitikisa linakuuma kwapani.

Kitambo kidogo walisimama wakitazamana kwenye kioo kama majogoo waliofungwa miguu.

"Dada," Aya akasema, "mwambie mwalimu asogee. Ananinyima hewa."

"Mwambie mhubiri hewa haionekani," akasema Ushahidi. "Ila hiyo nina ushahidi nayo."

"Ya Nuhu pia yana ushahidi. Yameandikwa."

"Hata bei zako zimeandikwa ukutani, Kaka, na hakuna anayeziamini." Akapumua taratibu, pini isije ikamchoma. "Mimi sisemi Kitabu kibaya. Nasema kina ngano zake, na ngano ni kitu kizuri. Lakini chukua wanyama wote duniani, wawili wawili, uwatie kwenye mbao. Tembo alikuwa anakula nini? Simba alikuwa anamwangalia nani?"

"Aliyemuumba tembo anajua anachokula."

"Hilo siyo jibu."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Na wewe hukuwepo."

"Ndiyo maana naamini. Ningekuwepo ningeamini nini tena?" Aya akainua kidole, pini ikamkumbusha, akakishusha. "Sikiliza wewe. Kitabu ni kama nguo. Ukichomoa uzi mmoja ukasema huu sio, nguo nzima inafumuka, tunabaki uchi."

Bi Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma yao, anapiga bandi. Ni ule mshono wa muda, mrefu mrefu, wa kushikiza nguo kabla haijapita kwenye cherehani. Akawaza kwamba inategemea uzi upi. Bandi ukiichomoa, nguo haifumuki, ndiyo kwanza inakaa mwilini; lakini usipoipiga tangu mwanzo, hakuna nguo. Lakini mdomoni alikuwa na pini.

"Shida yako," Ushahidi akaendelea, "unaamini kila kinachosimuliwa. Mimi nataka kitu kama kile cha Baba. Pale kuna jambo lililotokea."

"Lipi la Baba?"

"La mto. Si alivuka mto umefurika, maji shingoni, hii cherehani kaibeba kichwani, na mamba nyuma yake?"

Aya akacheka mpaka pini zikamchoma ubavuni, akaendelea kucheka huku anasema "aa, aa."

"Baba yupi huyo? Baba yetu alikuwa akioga kwenye beseni anaacha mlango wazi, asije akazama. Avuke mto? Hizo ni hadithi za kulalia, mdogo wangu."

"Mama aliniambia kwa mdomo wake."

"Kumbe. Mdomo wa Mama umekuwa ushahidi. Kipimo cha maji kiko wapi? Mamba alikuwa na urefu gani?"

Ushahidi akapandisha sauti. "Unamwita Mama mwongo?"

"Wewe unawaita mitume waongo mwaka mzima, sijakupiga."

Wakatazamana kwenye kioo. Halafu wakafanya jambo ambalo hawakulifanya tangu siku ya mvua: waligeuza shingo upande mmoja, kwa pamoja.

"Dada," Aya akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Ulikuwepo. Maji yalifika wapi?"

Bi Fundi alikuwepo kweli. Alikuwa amesimama kizingitini, mtoto aliyekua vya kutosha kukumbuka, Baba aliposhuka kwenye lori mbele ya nyumba. Cherehani imefungwa kwenye blanketi. Viatu vya Baba vikavu, vimepakwa rangi. Majirani walipomuuliza Mama, alisema, "Mume wangu ameivusha mto." Na hakusema uongo: lori lilipita darajani. Maji waliyatia majirani. Mwaka ule yalikuwa ya kifundo cha mguu. Baba alipofariki yakapanda kiunoni, kwa heshima. Miaka ya shida, Mama anashona usiku na mchana hana hata mkaa, yakafika shingoni, na Mama akichoka huyakumbuka hayo maji, akakanyaga pedali upya. Mamba aliingia baadaye. Mamba ni wa Bi Fundi mwenyewe. Alimwingiza siku gauni la mteja lilipochelewa, na mteja yule alikaa kusikiliza mpaka pindo likaisha.

Akawatazama wadogo zake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua pini nyingine tatu kwenye mto wa pini, akazitia mdomoni pamoja na zile.

"Mmh," akasema, akaendelea kushona.

Alipomaliza akawaambia wavue pole pole. Aya akavuta mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto wa Ushahidi ukamfuata. Aya akavuta tena. Bi Fundi alikuwa amepiga bandi mikono miwili ya makoti mawili, ikawa kitu kimoja.

"Dada, umefanya nini?"

"Mnanichanganya kwa kelele zenu. Tulieni niifumue."

Alikuwa fundi wa miaka chungu nzima na hajawahi kukosea mkono. Kama alikosea siku hiyo au la, binti yake aliuliza, na yeye akamtegea kitendawili kingine. Kuifumua kulichukua muda, kwani mkasi mdogo ulikuwa hauonekani, ukaja kupatikana mfukoni mwake. Walipokuwa wanasubiri, hawana pa kwenda, Aya aliuliza kama watoto wa Ushahidi wamepona mafua.

Jumapili wakwe wakaja. Sebule ya Bi Fundi ilikuwa imesukumwa yote ukutani, cherehani ikawekwa pembeni imefunikwa kitambaa, na wajomba wakakaa viti viwili kati, makoti yao jora moja, pindo usawa mmoja. Bibi yake kijana aliketi mbele yao, mkoba mapajani, akawahesabia hata pumzi. Kati ya kiti na kiti palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba. Aliiona. Akauvuta mkoba karibu zaidi, na binti aliyekuwa analeta maji ya kunywa akaona ule mkoba ukivutwa, bilauri zikagongana kwenye sinia.

Bi Fundi, kwa kujaza ukimya, akasimulia habari za cherehani. Ndiyo hadithi aliyoizoea. Alifika kwenye shingo, alikuwa ndio anamwita mamba, mjomba wa kijana akakohoa. Huyu alikuwa mpima ardhi, mtu safi, kalamu mbili mfukoni.

"Samahani, wakwe zangu. Mto huo nimeupima mimi. Mvua isimame, mvua inyeshe, hauvuki goti. Hii itakuwa ni ngano tu. Ngano nzuri, lakini ngano."

Bi Fundi akatafuta pini ya kutia mdomoni, hakuwa nayo.

"Umeupima lini?" akauliza Ushahidi.

"Mwaka juzi."

"Na Baba alivuka mwaka juzi?"

"Hapana, lakini vipimo..."

"Wewe ulikuwepo?"

Aya akamgeukia mdogo wake pole pole, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye chumba cha pili. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye cherehani, akafunua kitambaa.

"Njoo uone, mkwe. Mtaka ushahidi huja karibu. Hii hapa chini ni nini?"

"Kutu."

"Kutu inatoka wapi?"

"Kwenye maji," mpima ardhi akakubali.

"Baba yetu alikuwa mwogeleaji," akasema Aya, bila kupepesa. "Alikuwa akiingia kwenye maji, samaki wanampisha."

"Na alikuwa mrefu," Ushahidi akadakia, akija kusimama ubavuni mwake. "Yakimfika yeye shingoni, wewe yamekupita. Onesha pale, Kaka, chini ya gurudumu. Pale ndipo mamba alipogusa."

Bi Fundi akaitazama ile kutu. Aliifahamu siku yake ya kuzaliwa: ni siku ile ya bati, siku ya Nuhu, hawa hawa wawili walipokuwa wanagombana na hakuna aliyeweka sufuria. Sasa walikuwa wameiinamia pamoja, bega lililolala kushoto limekutana na bega lililolala kulia, wanamwonesha mgeni alama za meno.

Mpima ardhi akasema kwamba, kweli, mito hubadilika.

Wanaume walipotoka kwenda uani kupunga upepo, ndugu wale walipita mlango mmoja, wakibishana kama mamba alikuwa mmoja au wawili. Sauti ya Aya ilisikika ikisema kwamba wawili ndiyo kawaida, hata Nuhu alichukua wawili, na ya Ushahidi ikasema usianze tena. Lakini hakurudi ndani.

Ajuza akabaki kitini. Akamwita Bi Fundi kwa kidole.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa wao. Niambie mimi. Maji yalifika wapi?"

"Bibi, nikutegee?"

"Tega."

"Hayanyeshi, hayachotwi, na kila mwaka yanaongezeka kina."

Ajuza akatulia. Akaangalia dari, pale bati lilipozibwa, akatulia hivyo kwa muda, mkoba wake ukamteleza polepole mapajani mpaka chini, asiuokote.

"Kwetu sisi ni simba," akasema mwisho. "Marehemu mume wangu alimkaba kwa mkono mmoja, porini, peke yake. Wajukuu wote wanaijua."

"Alikuwa mkubwa, huyo simba?"

Ajuza akatazama mlangoni kwanza, akaona wako mbali.

"Mwanzoni alikuwa paka," akasema. "Haya, mwite binti. Aje aniambie anataka harusi lini."